Ngombe, nyama wa pori na wageni juu ya udongo mmoja: somo toka Laikipia



Kila tunapozungumza juu ya ngombe na malisho, kuna mtu anayesimama na kusema: “Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanakula dola juu ya tembo na simba. Sisi tuko na milima ya Itombwe, tuko na pori la Ngandja, tuko na ziwa. Tunakosa nini?” Swali ni la haki, lakini jibu lake si la neno moja. Somo la leo linaangalia mahali ambapo watu wanachunga ngombe na kupokea wageni wa kulala porini juu ya udongo uleule, bila kimoja kufukuza kingine. Tutaona ginsi inavyofanyika, nani anakula faida, na wapi mambo yaliharibika. Kiisha tutarudi Fizi, tuone sehemu gani tunaweza kuianza kiangazi hiki na sehemu gani tuiache kwanza.

Tuombe yule anayejua kusoma vizuri awasomee wengine kwa sauti katika mkutano.

Tuanze na neno lenyewe: kampi. Hapa kwetu ukisema kampi, mtu anafikiri Lusenda, ao Nyarugusu ngambo ya ziwa. Wengi wetu tumelala chini ya shitingi miaka, na hakuna aliyelipa ili alale pale. Kwa hiyo inashangaza kusikia kwamba kuna watu wenye nyumba nzuri Ulaya na Amerika wanaolipa ili walale katika hema porini, wapike juu ya kuni, wasikie fisi usiku, na kuamka alfajiri kuangalia twiga akinywa maji. Lakini wapo, na ni wengi. Hema kwao ni kitu kidogo tu. Wanachofuata ni ukimya, pamoja na nyama wa pori ambao kwao wamekwisha ao hawakuwako kamwe.

Kazi hii ya kuchanganya ngombe na wageni inafanyika hata Australia, ambako kuna ranchi kubwa za ajabu. Moja yao, Anna Creek, ina kilometa mraba zaidi ya 15,000, karibu sawa na teritware yetu nzima ya Fizi. Lakini Australia ni mbali, watu ni wachache kule na udongo ni mwingi. Mwalimu wa karibu yuko Kenya, katika kaunti ya Laikipia.

Ol Pejeta: ranchi iliyobaki ranchi

Ol Pejeta iko karibu na mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mahali mstari wa ikweta unapopita. Ukubwa wake ni hekta kama 36,000. Wakati wa Waingereza ilikuwa ranchi ya ngombe tu, na nyama wa pori walihesabiwa kama wezi wa majani. Mwaka 1988 sehemu moja ilitengwa kwa ajili ya kuwalinda vifaru weusi. Mwaka 2004 shirika la Fauna & Flora International lilinunua udongo wote kwa pesa za wafadhili, na toka hapo hakuna mwenye mali anayegawiwa faida: kinachopatikana kinarudi katika kazi na katika msaada kwa vijiji jirani. Leo vifaru weusi wa pale wamepita 100. Kuna tembo, nyati, simba, chui na duma. Na katikati yao kuna maelfu ya ngombe wa aina ya Boran wanaochungwa na watu kwa miguu, fimbo mkononi, kama hapa kwetu.

Tusimame kidogo, juu kuna mambo mawili ya pale yanayotugusa sisi Wakongomani. Vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, Najin na Fatu, wanaishi Ol Pejeta. Wote ni majike. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa pale tarehe 19 Machi 2018. Aina hiyo ndiyo ilikuwa ya Garamba, kule kwetu kaskazini. Mwaka 2005 kulikuwa mpango wa kupeleka vifaru watano wa Garamba huko Kenya ili wasiuawe na wawindaji. Wanasiasa walikataa, wakisema ni mali ya taifa. Miaka michache baadaye hakuna aliyewaona tena porini. Mwaka 2023 Garamba ililetewa vifaru 16 toka Afrika Kusini, lakini hao ni aina nyingine, weupe wa kusini.

Jambo la pili ni sokomutu. Kenya haina sokomutu wa porini hata mmoja. Lakini mwaka 1993 Ol Pejeta ilifungua nyumba ya kuwatunza, na wa kwanza kupokelewa walitoka Bujumbura, palepale upande wa pili wa ziwa letu, wakati vita vilipoanza Burundi. Hata sokomutu wamekuwa wakimbizi.

Ngombe wanafanya kazi gani katikati ya simba?

Hapa ndipo penye elimu yenyewe, na tunaomba msipite haraka.

Wengi wanafikiri kwamba ukitaka nyama wa pori waongezeke ni lazima ngombe waondoke. Ol Pejeta na majirani zake wameonyesha kwamba si lazima. Mchana makundi ya ngombe yanachungwa kwa mpango: leo hapa, juma lijalo pale. Majani marefu yaliyokomaa, ambayo swala hawayapendi, ngombe wanayakula na kuyakanyaga. Mvua ikinyesha, majani mapya yanachipuka, mafupi na laini. Punda milia na swala wanayafuata. Simba anawafuata swala. Na mgeni anamfuata simba. Ukiangalia mnyororo huo, utaona kwamba ngombe ndiye aliyeanza kuuvuta.

Usiku ngombe wanalala katika boma la kuhamishwa. Kule limetengenezwa kwa vipande vya chuma vinavyofungamanishwa, ili simba asipenye na ngombe wasishituke wakavunja na kutoka. Boma likikaa mahali kwa muda, linang'olewa na kusimamishwa mahali pengine. Pale lilipotoka panabaki mavi na mkojo wa ngombe. Watafiti wa kituo cha Mpala, ambacho pia kiko Laikipia, wameona kwamba mahali pa boma la zamani panabaki na rutuba makumi ya miaka. Ukipita katika pori unaona kiwanja kama kimefyekwa, majani yake ya kijani kuliko ya jirani, nyama wa pori wamejaa. Watu wa zamani walilala pale na ngombe wao, wakahama, na udongo haujasahau.

Je, nyama wa pori hawali chakula cha ngombe? Wanakula, tusidanganyane. Mwaka 2011 mtafiti wa Kenya, Wilfred Odadi, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya jaribio la pale Mpala. Walipima uzito wa ngombe waliochunga peke yao na wa wale waliochunga pamoja na nyama wa pori. Kiangazi, waliochangia majani na punda milia na wenzao walipata hasara. Lakini wakati wa mvua mambo yaligeuka: waliochangia ndio walioongeza uzito zaidi. Sababu yake ni rahisi. Punda milia anakula majani magumu ya juu, na anamwachia ngombe yale laini ya chini. Kwa hiyo swali la mchungaji mwenye akili ni hili: “Wakati gani wachangie, na wakati gani niwatenge?”

Kuna pia habari ya kupe. Ngombe anayenyunyiziwa dawa kila juma anatembea porini kama fagio. Kupe wanapanda juu yake wakitafuta damu, wanakufa. Mahali ngombe wa namna hiyo wanapochungwa, kupe wanapungua sana, na hata mgeni anayetembea katika majani anapata nafuu. Lakini geuza maneno hayo uone upande wake mbaya: ngombe asiyenyunyiziwa dawa, akichanganyika na nyati, anarudi nyumbani na ndigana. Nyati anabeba ugonjwa huo bila kuumwa, ngombe anakufa. Bila dawa ya kupe, kuchanganya ni kuua kundi lako mwenyewe.

Mgeni analeta nini, na anakula nini

Wageni wa Ol Pejeta ni wa namna nyingi. Kuna wale wa hoteli, wanaolala kitandani na kuoga maji moto. Kuna wale wa kampi hasa, wanaokuja na hema yao na chakula chao, wanapewa mahali safi kando ya mto, choo cha shimo, kuni na maji ya kuoga, basi. Kampi ya namna hiyo haidai majengo makubwa, ndiyo maana watu wakiisikia wanafikiri ni pesa ya bure.

Tupige hesabu ya mfano pamoja. Tuseme koperative inafungua kampi, na kila juma wanakuja wageni wanne, kila mmoja analala usiku mmoja na kulipa dola 10. Ni dola 40. Mgeni hawezi kulala porini bila ulinzi, kwa hiyo mnaweka walinzi wawili kila usiku, wageni wawepo ao wasiwepo, juu vitu vya kampi vinaweza kuibiwa. Mkiwalipa dola 3 kila mmoja kwa usiku, juma zima ni dola 42. Mmekwisha kupoteza dola 2, na hatujataja sabuni, choo, barabara, wala unga wa simu wa yule anayepokea wageni. Ol Pejeta inashinda hesabu hiyo kwa sababu wageni wake ni maelfu, barabara ya lami inafika Nanyuki, na uwanja wa ndege uko karibu. Mgeni anatoka Nairobi asubuhi, mchana yuko ndani.

Na hata wao walipata somo. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya korona, Kenya ilifunga njia za ndege toka inje, na zilifunguliwa tena tarehe 1 Agosti. Katika mwaka mzuri wageni wanaingiza pesa nyingi kuliko ngombe. Mwaka ule wageni walikatika kama maji ya bomba. Ngombe hawakuuliza habari ya ndege. Waliendelea kula majani, kuzaa na kuuzwa. Mwenye kutegemea wageni tu alifunga mlango, lakini mwenye ngombe alikuwa na kitu cha kulipa walinzi.

Hapa Kongo tunajua zaidi. Mwezi wa Mei 2018 mbuga ya Virunga ilifungwa kwa wageni baada ya mlinzi kuuawa na Waingereza wawili kutekwa, na ilifunguliwa tena mwaka uliofuata. Virunga ni mbuga yenye jina duniani kote, yenye walinzi mamia. Kama ile inaweza kufungwa kwa siku moja, kampi ya koperative ya kijiji itakuwaje?

Il Ngwesi: wakati wenyeji ndio wenye mali

Mtu anaweza kusema: Ol Pejeta ni ya shirika kubwa, haituhusu. Basi tuangalie Il Ngwesi, kaskazini ya pale. Hao ni Wamasai wa Laikipia, wachungaji, wenye hati ya udongo kwa jina la jamii nzima. Miaka ya 1990 walikubaliana kutenga sehemu ya malisho yao kwa nyama wa pori, na mwaka 1996 walifungua nyumba ya wageni iliyojengwa kwa miti na majani ya palepale. Walisaidiwa na jirani yao Lewa na wafadhili wengine, lakini nyumba ni ya jamii, na wanaofanya kazi ndani ni watoto wa pale. Mapato yanaenda katika mishahara ya walinzi, shule na mambo mengine wanayoamua katika mkutano. Mwaka 2002 walipata tuzo ya Equator, inayotolewa na Umoja wa Mataifa kupitia PNUD.

Mambo mawili yaliwasaidia zaidi kuliko uzuri wa mahali. Kwanza, karatasi ya udongo ilikuwa yao mbele ya mgeni wa kwanza kufika. Pili, hawakuuza ngombe wao. Malisho yaliyotengwa ni kama ghala: kiangazi kikali kikifika, wanakaa, wanapatana, ngombe wanaingia kwa mpango. Mzee wa Kimasai hakuambiwa achague kati ya ngombe na tembo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri yote. Mtu yeyote anayewaletea mpango wa nyama wa pori unaoanza na neno “ondoeni ngombe”, mwambieni anywe maji kwanza, azungumze tena.

Wapi iliharibika

Laikipia si peponi, na tusiiuze kama nguo mpya. Udongo ule mwingi ulikuwa wa Wamasai. Mwaka 1904 Waingereza waliwaahidi kwamba Laikipia itakuwa yao, wakawahamishia kule. Mwaka 1911 wakawaandikia mapatano mengine na kuwaondoa tena kwenda kusini, ili wazungu wapate ranchi. Ubaya huo haujasahaulika. Mwaka 2017, ukame ulipokauka kila kitu kaskazini, wachungaji wenye silaha waliingiza maelfu ya ngombe katika ranchi za watu. Watu walikufa, na nyumba za wageni zilichomwa. Wengine walisema ni njaa ya ngombe, wengine walisema ni siasa ya uchaguzi. Inaonekana yote mawili yalikuwamo.

Na karibuni zaidi: mwanzoni mwa mwaka 2025, mahakama ya mazingira na udongo ya Isiolo, jirani ya Laikipia, ilihukumu kwamba maeneo mawili ya kulinda nyama wa pori, Biliqo Bulesa na Cherab, yaliundwa kinyume cha sheria, kwa sababu wenyeji hawakuulizwa inavyopasa. Wenyeji walipeleka kesi wenyewe, na walishinda. Shirika lilikuwa na magari, ndege na wafadhili. Kilichokosekana ni mkutano wa kweli na sahihi za kweli.

Maneno hayo yafike vizuri masikioni mwa komite zetu.

Turudi Fizi

Itombwe yetu ilitangazwa kuwa eneo la kulindwa mwaka 2006, kwa amri iliyotoka Kinshasa. Vijiji vingi vilisikia habari baadaye. Watu wakauliza: mashamba yetu yako ndani ao inje? Makaburi ya wazee je? Bambuti waende wapi? Ilichukua karibu miaka kumi ya kuzungumza, kijiji kwa kijiji, mpaka mipaka iliyochorwa pamoja na wenyeji ikakubaliwa mwaka 2016, na eneo likapunguzwa kuwa kilometa mraba kama 5,700. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kuuliza kunawezekana, hata kama kulikuja nyuma. Sheria ya kulinda viumbe namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inadai sasa kwamba wenyeji waulizwe mbele ya eneo jipya kuundwa.

Utajiri uko, hatukatai. Milimani kuna gorila na sokomutu. Kuna ndege mmoja wa usiku, bundi wa Itombwe, aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1951, kiisha akapotea machoni pao mpaka mmoja alipokamatwa tena mwaka 1996. Kuna watu duniani wangevuka bahari ili wamwone bundi huyo dakika mbili. Lakini leo mgeni wa namna hiyo hawezi kuja, na kila msomaji anajua kwa nini. Kwa hiyo koperative isikope pesa, wala isitenge malisho, kwa ajili ya mgeni ambaye barabara na bunduki zinamzuia. Kazi ya miaka hii ni kulinda kile ambacho mgeni angekuja kuona, na kushika karatasi ya udongo.

Juu ya karatasi, kuna mlango ambao koperative chache zinaujua. Dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba konsesyo ya msitu ambao ni wao kwa desturi, mpaka hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Ni ya msitu, si ya malisho ya wazi, na kazi ya kuchora ramani na kupatana na majirani ni ndefu. Lakini jamii yenye konsesyo ikikutana na mwekezaji inakaa juu ya kiti, si chini. Koperative nayo iwe imeandikwa kufuata sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012: watu 5 wanatosha kwa koperative ya namna nyepesi, na 15 kwa ile yenye halmashauri ya uongozi. Kundi lisiloandikwa haliwezi kutia sahihi kontra, na pesa yake inaishia katika simu ya prezida.

Mwekezaji ao shirika likija na kontra, mwombe isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, wanawake wakiwemo, na ibaki kwenu majuma mawili mbele ya sahihi. Ulizeni mwezi wa Agosti ngombe watanywa wapi. Ulizeni tembo ao nguruwe wa pori akila mihogo, nani analipa, kwa siku ngapi, na nani anapima hasara. Ulizeni kontra inakwisha lini, na wakiondoka majengo yatakuwa ya nani. Akijibu “tutaona”, nanyi mwambieni mtaona.

Boma la kuhamishwa, kiangazi hiki

Kuna sehemu ya somo la Laikipia isiyongoja mgeni, amani kubwa wala karatasi ya Kinshasa. Ni boma.

Kila mwaka ngombe wanateremka toka milima ya juu kutafuta majani Lulenge na Ngandja. Kila mwaka kuna mihogo iliyoliwa, fimbo, mapanga, na mara nyingine makaburi. Zamani mwenye ngombe alipatana na mwenye udongo mbele ya kuingia, na itulo ilitolewa kama alama ya mapatano. Vita viliharibu mengi ya hayo. Hatusemi boma la kuhamishwa litaleta amani. Tunasema linampa mkulima sababu ya kumtaka mchungaji karibu, na linampa mchungaji sababu ya kulinda shamba la mkulima.

Hesabu ni hii. Ngombe mmoja akilala bomani anaacha mavi mabichi kama kilo 5 kwa usiku, bila kuhesabu mkojo. Ngombe 40 ni kilo 200. Wakilala pahali pamoja usiku 7, ni kilo 1,400 juu ya kiwanja cha meta 20 kwa 20, bila mtu kubeba kikapu kichwani. Kiisha mnahamisha boma meta 20 mbele. Robo ya hekta inakwisha kwa majuma sita na kidogo. Mkianza mwanzoni mwa Julai, katikati ya Agosti shamba liko tayari, na mvua za Septemba zinakuta chakula ndani ya udongo.

Hatuna vipande vya chuma vya Ol Pejeta, lakini simba si taabu yetu. Mianzi, matete yaliyofumwa katika vipande vya meta 2, ao matawi ya miiba, vinatosha. Shamba liwe limekwisha kuvunwa. Boma lisiwe bondeni karibu na kijito ambacho watu wanachota maji, wala kwenye mteremko mkali, juu mvua ya ghafla itapeleka mavi yote mtoni. Ngombe wapigwe dawa ya kupe mbele ya kuingia, na asiwemo hata mmoja anayeumwa. Kuwe na njia moja ya kwenda majini, iliyowekwa alama, ambayo mihogo ya jirani haiguswi. Usiku wachungaji walinde ngombe, na mwenye shamba naye atoe mtu mmoja, ili likitokea jambo wawe mashahidi wawili wa pande mbili.

Malipo ni juu yenu. Mahali pengine mchungaji anaacha mavi na anapata mabua ya muhindi kwa ngombe wake, mkono kwa mkono. Mahali pengine mkulima anaongeza debe la muhindi baada ya mavuno. Andikeni, hata katika daftari la shule, tarehe ya kuingia, hesabu ya ngombe, siku ya kutoka, na nani atalipa mmea ukiliwa. Chefu wa kijiji ashike kopi moja, mchungaji moja, koperative moja. Asiyejua kuandika atie kidole, baada ya kusomewa.

Na acheni mistari michache ya shamba bila boma, upandaji uwe uleule, mbegu zileile. Wakati wa kuvuna pimeni muhindi wa pande zote mbili kwa debe moja, mbele ya mkulima na mchungaji pamoja. Koperative zitakazofanya hivyo zitulete hesabu kwa maandishi, tuichapishe katika toleo la baada ya mavuno, hata ikiwa mistari isiyo na boma ndiyo iliyoshinda.